Sura ya Tano: Tumbo la Mama Mkwe

Neno la kwanza katika daftari langu la Kifipa si la Kifipa. Ni neno tumbo, nililoliandika kwa wino wa buluu katika mwaka wa kwanza wa utumishi wangu kwenye zahanati moja ya uwanda wa juu wa Ufipa, kisha nikalikata kwa mstari mmoja, na baadaye, kwa hasira niliyokuwa nayo juu ya nafsi yangu, nikalikata tena kwa mstari wa pili uliotoboa karatasi. Na kila nikilifungua daftari hilo, ambalo sasa limeliwa na mende pembeni, jicho langu huangukia tundu lile kabla ya kusoma chochote.

Nalikuwa mtu wa pwani, na mtu wa pwani aendapo bara huchukua kiburi kimoja ambacho mwenyewe hakijui kuwa ni kiburi: hudhani kwamba, maadamu Kiswahili ni lugha ya taifa na kila mtu amekwisha kufundishwa, basi lililobaki ni kukaa kitako na kusikilizana. Barua iliyonipeleka Mkoa wa Rukwa, mkoa uliokuwa bado mchanga kwa kuwa uliundwa mwaka 1974, ilinitia hofu ya umbali na hofu ya baridi, wala haikunitia hofu ya lugha. Baridi niliikuta kama nilivyoonywa, kwani nchi ile imeinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni upepo unaoshuka kutoka milima ya Mbizi humfanya mgeni alale na koti. Umbali niliuzoea. Lugha ndiyo iliyonifedhehesha.

Mama mmoja aliletwa asubuhi, amepakiwa nyuma ya baiskeli ya mume wa binti yake, kitambaa kimefungwa kichwani na kitenge cha pili kimezungushwa kiunoni juu ya kile cha kwanza. Aliingia, akainama, akapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa kama anayeteka maji, ndiyo salamu ya heshima ya kwao, nami nikamwamkia shikamoo kwa kuwa alikuwa rika la mama yangu. Nikamuuliza kilichomleta. Akasema kwa Kifipa, kwa sauti ya chini, uso ameuelekeza dirishani. Akasema kwa muda wa kutosha mtu kuvuta nusu ya sigara. Na huku akisema mkono wake ulianzia chini ya ziwa, ukashuka hadi kitovuni, ukabonyeza chini ya kitovu, kisha ukaanguka mapajani na kukifumbata kile kitenge cha pili. Mkwewe muda wote huo alikuwa akiisoma kalenda ukutani. Aliponyamaza, kijana alisema:

"Daktari, mama anasema tumbo linamsumbua."

"Ni hayo tu aliyosema?"

"Ni hayo tu, daktari. Tumbo."

Nikaandika katika rejista, kwa Kiingereza, maneno mawili yenye maana ya maumivu ya tumbo, nikampa vidonge vya minyoo, nao wakaondoka baada ya kushukuru. Baada ya wiki chache wakarudi na tumbo lile lile, nikampa dawa nyeupe ya maji, ile itulizayo kiungulia. Safari ya tatu nitaieleza mahali pake.

Ijapokuwa kosa lilikuwa langu, nataka msomaji aone jinsi lilivyojengeka, kwa kuwa katika chumba kile kidogo zilikuwamo lugha tatu, na kila maneno yalipovuka kutoka moja kwenda nyingine yalilipa ushuru. Mama alitoa maneno labda mia moja ya Kifipa. Mkwe akayageuza kuwa neno moja la Kiswahili. Nami nikaligeuza hilo moja kuwa istilahi ya Kiingereza iliyokaa vizuri katika safu yake ya rejista, na ambayo mkaguzi yeyote kutoka wilayani angeisoma akaridhika. Kijana yule hakuwa mjinga wala mwongo. Alikuwa mkwe. Kama ilivyo kwetu pwani, mkwe na mama mkwe hutazamana kwa pembe ya jicho, na lau angeyafasiri maneno yote aliyoyasikia angekuwa ameutaja mwili wa mama mzaa mkewe mbele ya mwanamume mgeni. Akatafuta neno lenye staha katika lugha isiyo ya kwao, akalipata, nalo ni tumbo.

Na kwa nini nisitambue, mimi ambaye nimekulia katikati ya tafsida? Kwetu mwanamke mwenye mimba husemwa kuwa ni mjamzito, aliyezaa amejifungua, aliye katika hedhi yumo mwezini. Choo ni haja, na haja ni kubwa au ndogo. Na mwanamume aliyepatwa na kisonono huja kwa tabibu akilalamika kiuno, ambacho hakina kasoro yoyote. Mapazia hayo yote nilikuwa nikiyajua na kuyafunua kila siku. Lililonipita ni kwamba mtu wa mbali aweza kukitwaa Kiswahili changu chenyewe akakifanya pazia, na kwamba nitakapolitazama nitaliona ni ukuta, kwa sababu limefumwa kwa nyuzi za nyumbani.

Waama, Kiswahili cha maradhi ni lugha ya kale kuliko wasemaji wake wengi wanavyodhani. Maneno tunayoyatamka zahanati bila kufikiri, kama afya, dawa, homa, jeraha, tabibu, na maradhi yenyewe, yalikuja kwa majahazi pamoja na elimu ya tiba ambayo Waarabu waliipokea kwa Wayunani na kuisarifu, elimu ya matabibu wao Bukrati na Jalinusi, iliyokusanywa na Ibn Sina katika Kanuni yake kabla ya kufa kwake mwaka 1037. Elimu hiyo ilifundisha kwamba mwili una majimaji manne, yaani damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba kila moja lina tabia ya joto au baridi, ya umajimaji au ukavu. Safura, ambalo muuguzi wa leo hulitumia kwa upungufu wa damu uletwao na minyoo, ndilo jina la Kiarabu la ile nyongo ya manjano. Na anayesema ana baridi yabisi magotini hutamka, bila kujua, hukumu ya tabibu wa zamani kwamba ugonjwa wake ni wa baridi na wa ukavu. Nilipowaeleza wazee wa kijiji maana ya neno hili walicheka sana. Wao walikuwa wakidhani ni baridi ya kwao ya Julai, ile inayogandisha umande juu ya matuta ya mahindi, na kwamba yabisi ni jina la aliyeigundua.

Neno moja laweza kumgawa mgonjwa kati ya milango miwili. Mwaka 1996 watafiti waliokuwa wakichunguza malaria wilayani Bagamoyo, mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya kila siku, walichapisha kwamba wazazi waliona homa ya malaria ni ugonjwa wa hospitali, ilhali degedege, yaani mtoto anapokaza viungo na kugeuza macho, ni ugonjwa mwingine kabisa, wa mganga wa jadi, na wengi waliogopa kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Tabibu alikuwa akiita malaria kali. Mama alikuwa akiita jina lililofanana na la ndege. Mtoto alikuwa mmoja. Ikiwa hayo yalitokea Bagamoyo, kati ya watu wa lugha moja, mimi kule Ufipa nalijidai nini?

Mwalimu wangu alikuwa mhudumu wa zahanati, mama wa makamo aliyekuwa akifagia, akichemsha sindano na kuwapanga wagonjwa kwenye benchi, na aliyekuwa akijua zaidi yetu sote nani amekuja kwa nini. Siku niliyomwomba anifundishe nilimletea daftari lenye safu mbili nilizozipiga mistari kwa rula, Kiswahili kushoto na Kifipa kulia, na safu ya kushoto nilikuwa nimekwisha kuijaza: kifua kikuu, kichomi, kuhara, surua, kaswende, kifafa. Aliitazama akanirudishia.

"Mwanangu," alisema, "magonjwa hayaitwi hivi, moja baada ya jingine, kama watoto wa shule. Unaita ili yaje?"

Akakataa. Akaniambia nianze na mwili, tena mwili mzima. Basi nikaanza kama mtoto: kichwa, jicho, sikio, kidole. Na hapo hapo, katika somo la kwanza, yalianza kunitokea mambo ambayo sikuyatarajia. Kichwa kwa Kifipa ni untwe. Nililiandika nikaona ni neno geni, mpaka usiku, nikiwa kitandani, nikakumbuka kwamba watu wa Mombasa na Lamu husema kitwa, na kwamba kichwa chetu ni kitwa kilicholainika ulimini. Ndipo nikaona kwamba untwe na kitwa ni ndugu waliovaa vilemba mbalimbali. Mtu ni untu. Kifipa huwa kinaimeza ile mu ya mwanzo na kubakiza sauti ya puani, kama sisi tulivyoimeza tukabakiza midomo iliyofumba.

Lakini lililonishika ni kitenzi. Kuugua, kwa Kifipa, ni ukulwala, na mzizi huo huo unavuka mpaka wa Zambia ukasikika kwa Wabemba vile vile. Sasa, sisi tulio karibu na tungo za kale tunalo neno ndwele, ambalo hakuna mtu anayelisema sokoni, na pamoja nalo mwele, yaani mgonjwa. Ni maneno tunayoyahifadhi kama vyombo vya shaba, kwa ajili ya mashairi. Nami nalikuwa nikidhani kwamba ni maneno yaliyokufa. Kumbe hayakufa; yako Ufipa, yanatumika kila asubuhi kwenye benchi la zahanati, na bibi asiyejua kusoma huyatamka akiwa amembeba mjukuu mwenye kamasi. Wenye elimu ya lugha huyarudisha ndwele na ukulwala kwenye chanzo kimoja cha Kibantu, cha kale kuliko pwani na kuliko Ufipa. Tangu siku hiyo niliacha kumwambia mhudumu kwamba najifunza lugha ngeni.

Simpi msomaji orodha ya daftari zima, wala asiitafute. Kifipa kina lahaja kadhaa, na neno nililolipata upande wa Milansi huenda likachekwa Nkansi na lisieleweke kabisa kwa Warungu wa Ziwa Tanganyika. Na zaidi ya hayo, benchini mwangu walikaa pia Wamambwe, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao katika bonde la Ziwa Rukwa, ambako joto ni kali na malaria ni nyingi, hata watu wa juu husema aliyetoka bondeni amerudi na homa kama vile wangesema amerudi na samaki.

Kati ya maneno yote liko moja lililonipa taabu kwa miaka, nalo ni wanga. Jina la mji wa Sumbawanga hufasiriwa na wenyeji wenyewe kuwa ni tupa uchawi: sumba ni kutupa, na wanga ni uchawi, anayeingia, auache mlangoni. Kwa Kiswahili pia wanga ni wachawi, na kuwanga ni kufanya kazi yao ya usiku. Lakini kuwanga vile vile ni kuuma kwa mapigo, hata mtu asema kichwa kinamwanga. Na juu ya yote, serikali ilipoamua kufundisha lishe, wanga likawa ni ile sehemu ya chakula iliyomo katika mahindi, muhogo na viazi. Hebu nifikirie mimi, siku ya kliniki ya watoto, nimesimama mbele ya akina mama arobaini na picha ya ugali, nikiwahimiza kwa sauti ya kihutuba kwamba wasiwape watoto wanga mtupu, kwamba wanga peke yake hautoshi, kwamba katika nyumba nyingi za Ufipa wanga umezidi. Kimya kilichoingia nakisikia hadi leo. Kisha mmoja, nyuma, akaangua kicheko, na benchi zima likaanguka pamoja naye. Mhudumu alinitoa pembeni akaniambia, akijifuta machozi, kwamba kuhusu nyumba nyingi sikukosea sana.

Nimelieleza kwa mzaha, walakini jambo lenyewe si la mzaha. Ufipa ni nchi ya chakula. Tangu zamani wakulima wake hufukia majani katika matuta ya mviringo yaitwayo ntumba, yakaoza na kuwa mbolea, na mahindi na maharage ya Rukwa hulisha miji ya mbali. Hata hivyo uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka 5 wamedumaa, kiwango kilichoushinda mkoa mwingine wowote. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni kazi za shamba zinazomchukua mama kutwa na kumwachia mtoto uji mtupu. Lakini fikiri juu ya neno. Udumavu ni istilahi nzuri ya Kiswahili, imetokana na kudumaa, na mtaalamu akiitamka huona hatari. Ilhali mama aliyeko mbele yake anaye mtoto asiyehara, asiye na homa, asiyelia, mfupi kama baba yake na babu yake. Huyo ana ndwele gani? Mtoto ambaye haumwi mahali popote hana kitenzi cha kumleta zahanati.

Mganga nalo ni neno la kusimamia. Kwa Kifipa mtu anayetibu ni sing'anga, na msomaji aliyefika Malawi atakuwa amelisikia huko kwa umbo hilo hilo, kama aliyefika Kongo anavyosikia nganga. Kiswahili kilipochagua jina la tabibu mkubwa wa serikali katika mkoa kilimwita Mganga Mkuu, na mimi mwenyewe cheti changu kilinitaja kuwa mganga msaidizi, jambo lililowafanya wazee wa kijiji watake kujua, kwa adabu kabisa, ni mganga gani ninayemsaidia na dawa zake amezitoa milima ipi. Nilidhani swali ni la ushamba. Baadaye nikaona ni swali la mantiki, kwa kuwa neno lilikuwa lao kabla halijawa letu. Si Ufipa peke yake: Waigbo wa Nijeria huita hospitali ụlọ ọgwụ, maana yake nyumba ya dawa, lakini ọgwụ ni dawa ya kumeza na ni hirizi vile vile, na anayejifunza lugha hiyo kwa kitabu hushtuka akikuta neno moja limebeba kidonge na kago, wakati homa wao huita ahụ ọkụ, mwili wa moto, ambayo hakuna mgonjwa wa dunia hii asiyeielewa. Na sisi je? Dawa yetu ni ya kikohozi, ya mswaki, ya viatu, ya mapenzi na ya kuku.

Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeishi Ufipa miaka ya 1960 na kuandika sana juu ya watu wake, alichapisha mwaka 1968 makala kuhusu Kamchape, vuguvugu la kutakasa uchawi lililopita vijijini huko mwaka 1963 na 1964, ambapo watu walitakiwa wazitoe dawa zao mbaya na wanyweshwe dawa njema. Naitaja kwa sababu moja: kizazi kilichokaa kwenye benchi langu kilikuwa kimeyaona hayo kwa macho, na kwao neno dawa, hata nikilitamka mimi kwa koti jeupe, lilikuwa na upande wa pili. Mzee aliyeniuliza dawa hii imetoka wapi hakuwa akiuliza jina la kiwanda.

Yuko mtu mmoja ninayemfikiria kila ninapoulizwa kama mgeni aweza kweli kuyajua maneno ya wagonjwa wake. Adrien Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 katika nchi ya Mto Niger, si mbali na Timbuktu. Akaibwa utotoni, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa, akakombolewa na wamisionari waitwao Mapadre Weupe, na mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, akamtuma Malta akasomee utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akaoa binti wa nchi hiyo, na hapo akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Hospitali ya kanisa katika mji wa Sumbawanga ina jina lake. Mtu aliyetekwa kutoka upande mmoja wa Afrika, akasomea utabibu katika kisiwa cha Ulaya, akawauliza wavuvi na wakulima wa upande wa pili wanaumwa wapi, na wao wakamjibu. Mimi niliyetoka pwani ya nchi hiyo hiyo, kwa basi, sikuwa na udhuru.

Nilichojifunza hatimaye, na ambacho ningemfundisha kijana yeyote anayepangiwa zahanati ya mbali, ni kuyaacha majina ya magonjwa yaje mwisho. Jina la ugonjwa ni hukumu, na mgonjwa anayekuja na jina amekwisha kujihukumu: nina malaria, nina presha, nina taifodi. Anayehitaji kueleweka ni yule anayekuja na vitenzi. Maumivu huchoma, huwasha, hunyonga, huvuta, hupwita, hukereketa, na kila kimoja humpeleka tabibu njia yake. Na vitenzi hivyo katika Kifipa nilivikusanya kimoja kimoja, nikimwomba mhudumu anionyeshe kwa mkono, akakunja ngumi, akasokota nguo, akagonga meza kwa kidole. Kisha yako maneno ya wakati: tangu jana, tangu mavuno, tangu nilipomzaa huyu. Kisha ziko sehemu ambazo lugha hazikukubaliana mipaka yake. Anayesema moyo unamuuma aghalabu huweka mkono kwenye chembe cha moyo, na ugonjwa wake uko tumboni. Anayesema tumbo, kama nilivyokwisha kusimulia, huenda hana ugonjwa tumboni. Na homa, kwa wengi, ni kutojisikia vizuri tu, hata kipimajoto kikatae.

Sasa ile safari ya tatu. Ilikuwa mwezi wa nane, vumbi jekundu limetanda juu ya kila kitu, nami nilikuwa na miezi sita ya masomo. Mama alishuka kwenye baiskeli kwa taabu. Vitenge vilikuwa vitatu. Mkwe akaanza, "Daktari, ni lile tumbo," nami nikamwomba, kwa heshima, akakae nje kwenye kivuli cha mkaratusi. Nikamwita mhudumu, nikatoka mimi pia, nikawaacha wawili hao wakisemezana nyuma ya pazia la kijani. Nilisikia maneno mawili matatu niliyoyajua. Nilisikia kitenzi cha kuvuta. Nilisikia damu, na jinsi sauti ilivyoshuka ilipofika hapo.

Mhudumu alipotoka hakuniambia mara moja. Alinawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole, kisha akasema, akitazama beseni:

"Mama huyu, siku zake zilizokwisha zimemrudia."

Alikuwa amekoma hedhi miaka mingi, na damu ilikuwa ikimtoka tangu kabla ya mavuno. Hiyo ndiyo hotuba niliyopewa siku ya kwanza, yenye mkono uliofika mapajani, nami nikaijibu kwa vidonge vya minyoo. Tabibu akisikia maneno hayo hufikiri kwanza saratani ya mlango wa kizazi, maradhi yanayowashika wanawake wa nchi yetu kuliko saratani nyingine yoyote. Na saratani, kwa Kiarabu, ni kaa, kama Wayunani nao walivyoiita kaa. Siku hizi iko chanjo, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na hata hiyo imetatizwa na neno: mzazi anayeambiwa mtoto wake atachanjwa kwa ajili ya mlango wa kizazi ana haki ya kuuliza kama mlango huo unafungwa, maana kizazi kwa masikio yake ni uzazi, ni wajukuu. Wakati ule hapakuwa na chanjo. Palikuwa na kalamu, na barua ya rufaa, na gari la mizigo lililokuwa likipita alasiri kwenda Sumbawanga.

Niliingia ndani, nikaketi kwenye kigoda kilichokuwa chini kuliko chake, nikamuuliza kwa Kifipa changu kibovu mambo manne niliyohitaji kuyajua. Alinisahihisha moja. Mengine alijibu, uso wake ukiwa dirishani kama siku ya kwanza, na alipomaliza alipiga makofi yale ya taratibu.

Nje, chini ya mkaratusi, mkwe alikuwa ameipindua baiskeli na kuirudishia mnyororo uliochomoka. Nilimwambia kwamba mama atakwenda hospitali ya mkoa leo hii, kwamba binti yake aje amfuate kesho, na kwamba zahitajika nguo za kubadili, tena nyingi. Alisikiliza akiwa ameinama, mikono imejaa grisi. Hakuuliza ni ugonjwa gani. Aliuzungusha ule mpira wa nyuma mara moja, mara mbili, akautazama mpaka uliposimama.

"Daktari," alisema, "nyumbani nikamwambie mke wangu kwamba mama ana nini?"

Nikafikiri.

"Mwambie ni tumbo," nikasema.